Fundi hakuchomelea, wewe unagundisha nini?

Simama hapo hapo mkuu. Umeandika kwamba kwenye programu ya kompyuta ya kupima uimara, bamba la braketi (mkono wa chuma wa kubebea mzigo) na nguzo umeviacha vimegundishwa, yaani vinahesabiwa kama kipande kimoja, kama programu ilivyojichagulia, halafu unauliza msuguano uweke ngapi na upunguze vipi muda wa hesabu maana laptopu inachemka. Ukishagundisha hakuna kinachoteleza, sasa msuguano wa nini?

Nimepita njia hiyo na nauli nililipa mwenyewe. Tangi la lita 1,000 huko Mbezi, braketi mbili kwenye nguzo za chuma, kila moja boliti nne na bamba la milimita 6. Programu ikaona nyuso zimekaribiana, ikazigundisha. Matokeo bluu tupu, yaani hakuna panapoelemewa, kama bahari ya Kigamboni asubuhi. Nikampelekea bosi picha, kifua mbele.

Tangi lilipojazwa, bamba likaachama juu kama mdomo wa samaki wa Feri. Hakuna aliyeumia, ila fundi wa Gerezani ndiye aliyetukanwa kwanza, na hakuwa na kosa lolote. Gharama ya kurudia kazi ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Kisa ni kwamba uso uliogundishwa unavuta pia, wakati chuma halisi kikigusana na chuma kinasukuma tu. Kwenye kompyuta bamba zima lilikuwa limeing'ang'ania nguzo, boliti zimekaa kama wageni waalikwa. Site, ukingo wa chini unakandamiza nguzo, boliti mbili za juu zinavutwa, na bamba linapinda. Ningeshika kalamu dakika tano tu ningeliona: tani 1 ya maji kwa braketi mbili ni kama kilonewtoni 5 kila moja. Zidisha kwa mita 0.4 kutoka kwenye nguzo, gawa kwa sentimita 17 kutoka ukingo wa chini hadi boliti za juu: karibu kilonewtoni 12 za kuvuta, kwa boliti mbili za juu pamoja. Programu yangu ilisema boliti zina karibu sifuri, mimi nachekelea rangi! Nilipoondoa gundi, mkazo wa bamba (nguvu kwa eneo) ukapita megapaskali 235, pale chuma cha daraja la S235 kinapoanza kupinda bila kurudi.

Na yule mkufunzi wa semina aliyetuambia "acha programu ichague, ina akili kuliko nyinyi", kwa ada ile na soda ya moto, namwombea tangi juu ya kitanda chake.

Kama fundi hakuchomelea, usigundishe. Weka mgusano wa msuguano, yaani nyuso zisukumane lakini ziweze kuteleza na kuachana; kiwango cha msuguano anza na 0.2. Programu italalamika kwamba kipande kinaelea, yaani hakijashikwa na kitu. Usikimbilie tena gundi kwa woga. Angalia kama kwenye mchoro nyuso zimegusana kweli, maana uwazi mdogo tu unatosha kukutesa usiku kucha. Hatua ya kwanza kaza boliti peke yake, mzigo uje hatua ya pili. Halafu soma nguvu ya kila boliti kabla hujafungua picha ya rangi, na uilinganishe na ya kalamu.

Tupia hapa nguvu za hizo boliti nne. Picha ya rangi kaa nayo.