Kwa Vijana Wanaoanza Kutafuta Haidrojeni ya Ardhini

Ninawaandikia vijana wa Malindi na Lamu walioniuliza namna ya kuingia katika utafiti wa haidrojeni ya asili, yaani gesi iwakayo inayojitengeneza yenyewe chini ya ardhi. Nianze na Mali, ambako mwaka 1987, kijijini Bourakébougou, mafundi walichimba kisima cha maji, wakakosa maji wakakuta upepo, na sigara ya mmoja wao ikazua mlipuko. Kisima kilizibwa, na takriban robo karne baadaye ikathibitika kuwa gesi ile ni haidrojeni kwa asilimia 98, ikatumika kukipa kijiji umeme.

Wengi wakiisoma habari hiyo hudhani kazi yetu ni kutoboa ardhi, ilhali kazi kubwa ni kujua gesi imetoka wapi. Haidrojeni huzaliwa maji yanapopenya miamba yenye chuma kingi, kama ile ya olivini, madini ya rangi ya kijani, ambapo chuma hutwaa oksijeni ya maji na haidrojeni ikabaki huru. Bakteria wa udongoni nao huizalisha, na wengine huila. Hata chombo chako mwenyewe chaweza kuizalisha.

Hilo la mwisho nililiona nilipokuwa mwanafunzi, katika ardhi ngumu upande wa Marafa. Nilipigilia fimbo ya chuma hadi kina cha mita moja, nikashusha kijibomba cha kipima-haidrojeni, na namba zikapanda papo hapo, nami nikaziandika moyo ukinidunda. Mwalimu wangu akaniagiza nisubiri, kisha nipime tena shimo lilelile. Kabla ya adhuhuri kipimo kilikuwa karibu na sifuri, kwa maana msuguano wa chuma na mawe ndio ulioizaa gesi ile. Tangu siku hiyo kila shimo nalipima zaidi ya mara moja, na saa ya kila kipimo naiandika.

Kwenye matope ya mikoko jihadharini zaidi, kwani gesi ile inayonuka kama yai viza huweza kuvidanganya vipimo vingi vya mkononi. Wala msidhani kila gesi ya pwani ni hii tunayoitafuta: kisima cha Mbawa-1, kilichochimbwa mwaka 2012 katika bahari ya Lamu, kilikuta gesi asilia, ambayo hasa ni methani, si haidrojeni.

Someni kemia kwa bidii kama msomavyo miamba. Sampuli nazo msizikawize katika chupa zenye vizibo vya mpira, kwa sababu molekuli ya haidrojeni ni ndogo mno na hupenya. Zipelekeni maabara upesi, pamoja na chupa moja ya hewa ya kawaida iliyojazwa palepale, ya kulinganishia.