Mbwa anayeuma bila hodi

Mbwa wangu Radi alikuja kwangu akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Kabla hajatimiza mwaka alikuwa ameshatafuna viatu vitatu, vyote vya mguu wa kulia (sijui kwa nini), amekojolea kila kona ya sebule, na hakuna mgeni aliyevuka mlango bila kurukiwa hadi kifuani. Na kila mgeni aliyerukiwa aliniachia dawa. Mchape. Mpuuze. Mwonyeshe nani mkubwa humu ndani. Nilizijaribu zote, siku nyingine zote kwa mpigo, na kama unatafuta namna ya kumvuruga mbwa akili, hiyo ndiyo yenyewe.

Ile ya kuonyesha ukubwa ndiyo iliyonigharimu zaidi, basi nianze nayo.

Inadai kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyevaa ukanda shingoni. Kila siku anapima kama anaweza kukupindua, kwa hiyo umlaze chali, umkodolee macho, umnyang'anye mfupa mdomoni, mpaka ajue nafasi yake. Asili ya hoja hii ni mwanazoolojia Rudolf Schenkel, aliyechapisha mwaka 1947 maelezo ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama huko Basel, Uswisi. Wanyama waliobanwa mahali padogo watagombana, na yeye aliyaandika magomvi hayo. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu, alilisambaza wazo hilo kwa kitabu chake cha 1970, lakini mwaka 1999, baada ya kuwafuatilia mbwa mwitu walio huru, aliandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wazazi wanaongoza kwa kuwa ni wazazi. Hakuna cha kupinduana.

Mimi hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Radi aliponguruma nikiugusa mfupa wake, nilimzaba kofi la pua na kumfokea, "Kimya!" Wiki mbili hazikuisha, mngurumo ukakoma. Nikatamba kwa majirani.

Mwezi uliofuata mpwa wangu wa miaka saba alipita karibu na Radi aliyekuwa amejilaza na mfupa wake. Hakukuwa na sauti yoyote. Nikikumbuka sasa, dalili zote zilikuwepo, tena mbele ya macho yangu: aliacha kutafuna ghafla, akakiinamisha kichwa juu ya mfupa, mwili ukakakamaa, mkia ukasimama kama kijiti, na weupe wa jicho ukajitokeza pembeni akimfuata mtoto kwa kumtupia jicho bila kugeuza shingo. Mtoto akainama kumpapasa. Meno yakaipata mikono ya shati na kiganja kidogo. Tulikiosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, kisha tukaenda hospitali, ingawa Radi alikuwa na chanjo zake zote. Kwenda hospitali usisite, hata kama ni mkwaruzo tu.

Daktari wa mifugo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mngurumo ndiyo hodi ya mbwa. Wewe umemfunza kuingia bila hodi."

Wasiwasi wa kunyang'anywa ulikuwa palepale. Tena mimi ndiye niliyekuwa nikiuthibitisha kila nilipoupokonya ule mfupa. Nilichokuwa nimekiondoa ni onyo peke yake. Baadaye nilisoma utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2009, ambamo wenye mbwa waliulizwa mbinu walizotumia na mbwa walijibu vipi. Miongoni mwa waliowahi kumpiga mbwa au kumpiga teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwageuzia ukali. Kwa waliomlaza chali kwa nguvu, asilimia 31. Hao ni mbwa ambao tayari walikuwa na matatizo ya tabia, kwa hiyo usimpachike kila mbwa namba hizo. Mimi zilinitosha.

Kazi ya kurudi nyuma ilichukua miezi miwili. Nilikuwa napita mbali, hatua tano au sita, Radi akiwa na mfupa, namrushia kipande cha nyama na kuendelea na safari yangu bila kusimama. Akikakamaa, basi nimesogea mno, kesho naanzia mbali zaidi. Polepole akaanza kuniinulia kichwa nikija, mkia ukipunga, maana ujio wangu ulikuwa umegeuka habari njema. Hapo ndipo nikaanza kubadilishana naye: nyama mkononi, yeye anauachia mfupa, nauokota, halafu *namrudishia*. Wengi tunakosea hapo kwenye kurudisha. Tunampa kipande cha nyama na kutoweka na mfupa, naye si mjinga, anajua ametapeliwa. Kwa muda wote huo mtoto hakuruhusiwa kumkaribia mbwa anapokula, na mpaka leo haruhusiwi.

Kuhusu kupuuza, ni njia nzuri kwa tabia ambayo malipo yake ni wewe mwenyewe. Radi alikuwa akirukia watu ili aangaliwe, na hata kumsukuma kwa mikono huku unapiga kelele kwake ni mchezo. Tukakubaliana nyumbani: akiruka, unamgeuzia mgongo, mikono kifuani, kimya. Miguu yote minne ikigusa sakafu, anapata salamu. Siku tatu za kwanza alizidi, akawa anaruka juu zaidi na kubweka, nami nilikaribia kukata tamaa. Kumbe ndivyo inavyokuwa: kitu kilichokuwa kikileta malipo kikiacha kuleta, mnyama kwanza huongeza bidii kabla ya kuacha. Ukilegea siku hiyo, umemfundisha kwamba bidii zaidi ndiyo inayolipa.

Mjomba wangu alilegea kila Jumapili. "Mwacheni bwana, mimi napenda," huku amemkumbatia. Malipo ya mara mojamoja, yasiyotabirika, ndiyo yanayoikomaza tabia kuliko yote. Waulize wacheza kamari. Mwishowe sikumzuia mjomba, nilimpa kazi. Nilimkabidhi vipande vya nyama, nikamwambia mbwa hapati kitu wala kukumbatiwa mpaka akae kitako. Jumapili ya tatu Radi alikuwa anakaa mwenyewe mlangoni kabla mjomba hajavua viatu.

Lakini kupuuza hakufai kila kitu. Radi alikuwa akiwabwekea wapita njia dirishani, nami nikapuuza wiki nzima, bure. Malipo hayakutoka kwangu. Mpita njia anapita, ndiyo kazi yake, ila Radi anaamini yeye ndiye aliyemfukuza. Ushindi mara thelathini kwa siku! Niliziba nusu ya chini ya dirisha, na jioni nikawa nakaa naye mahali ambapo wapita njia wanaonekana kwa mbali, anapewa kitu kila akimwona mtu kabla hajafungua mdomo. Kuziba dirisha kulifanya kazi kubwa kuliko mafunzo, ukitaka ukweli. Na viatu pia: niliviweka kabatini, nikampa vitu vyake vya kutafuna. Meno ya kudumu huota kati ya miezi minne na sita hivi, na mbwa wa umri huo atatafuna tu, chagua wewe atafune nini.

Mkojo nao. Ukikikuta kidimbwi saa moja baadaye, umechelewa, kifute unyamaze. Kumsugua pua hapo kunamfundisha tu kwamba wewe na mkojo mkikutana chumba kimoja kuna hatari, basi atakwenda kukojoa nyuma ya kochi. "Lakini anajua amekosa, mwone alivyofyata mkia." Alexandra Horowitz, mtafiti wa tabia za mbwa, alilipima hilo mwaka 2009: sura ya hatia ilijitokeza zaidi mbwa alipokaripiwa, hata yule ambaye hakuwa amekosa kitu. Anasoma uso wako. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na umsifu palepale anapomaliza kukojoa. Ukisafisha, usitumie dawa yenye amonia, maana harufu yake inamkumbusha mkojo.

Ukanda wa umeme, ule wa shingoni unaompiga mbwa shoti, sijawahi kuutumia, na Wales imeupiga marufuku tangu 2010. Nina hofu moja nao: mbwa hajui maumivu yametoka wapi. Ukibonyeza kitufe wakati anamtazama mtoto anayepita, anaweza kuamua kwamba mtoto ndiye aliyemuumiza. Kusema "hapana" kwa sauti ya kawaida nasema, kila siku, halafu namwonyesha cha kufanya badala yake.

Mwezi uliopita nilikuwa nampapasa kichwani kama kawaida, vidole vikafika nyuma ya sikio la kushoto. Radi akanguruma. Ulikuwa mngurumo wa chini, mfupi, wa kwanza kuusikia kwa karibu miaka miwili. Nikarudisha mkono, nikakaa naye sakafuni kidogo bila kumgusa, kisha nikampigia daktari. Sikio lilikuwa limetunga usaha ndani. Nilipewa dawa ya matone ya siku kumi, na kila tone lilikwenda na kipande chake cha nyama.