Ukienda Arboretum ya Nairobi, ficha mandazi

Mara yangu ya kwanza pale, kwenye ile bustani ya miti ya Nairobi, niliingia na mfuko wa mandazi mkononi. Sikufika mbali. Tumbili alishuka, akaunyakua, akapanda nao tawini na kula taratibu huku akinitazama. Watoto waliokuwa karibu walicheka hadi wakakaa chini. Basi chakula kikae ndani ya begi lenye zipu, na tumbili usimpe kitu hata akikukodolea macho ya huruma. Maji beba kwa chupa ya chuma. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye misitu ya hifadhi tangu Juni 2020. Kiingilio kipo, si kikubwa, weka pesa kwenye simu.

Kosa langu la pili lilikuwa kutaka kuona kila kitu. Ni ekari zaidi ya 70 na aina za miti zaidi ya 350. Nilizunguka nusu siku nikatoka nakumbuka kijani tu. Siku hizi nachagua miti miwili mitatu, nasoma kibao, nagusa gome. Okota jani la mkaratusi lililoanguka, lifikiche, unuse: dawa ya mafua kabisa. Kisha tafuta muhugu, ule mti mgumu ambao wachongaji wa Kikamba waliupenda mpaka ukawa adimu. Geuza jani lake, chini ni jeupe kana kwamba limepakwa unga.

Na ukishangaa mkaratusi wa Australia unafanya nini jirani na muhugu, jibu ni treni. Mahali hapa palianza mwaka 1907 kama shamba la majaribio. Injini za reli zilikuwa zinakula kuni, misitu ya asili inakwisha, ikabidi ijulikane ni miti gani ya kigeni inakua haraka hapa. Mimi tangu nijue hilo siioni tena kama bustani.

Ukitaka ndege, nenda siku ya kazi kabla ya saa tatu asubuhi. Jumapili ni ya familia, wapiga picha na waombaji wanaokemea mapepo kwa sauti chini ya miti. Sina neno nao, ila ndege wana neno.

Masika, ukishuka upande wa mto Kirichwa, vaa viatu vya kushika tope. Raba zangu nyeupe hazijawahi kurudi rangi yake.