Eti Range Rover ni ya Mhindi? Magari yaliyo chini ya Tata na spea zake zinapatikana wapi

Mkuu uliyeuliza kama ni kweli Range Rover siku hizi ni ya Mhindi na kama ukivuta Freelander 2 utakua unafungia spea za Tata, ngoja nikujibu kwa kirefu maana hili swali gereji tunaulizwa kila siku na wadau waliokujibu kabla yangu wameshachanganya mafaili. Mimi nipo Arusha, gereji za mtaa wa Unga Limited ndo zimenikuza, Land Rover ndo zimenilisha na Tata za mizigo nazifungua mpaka leo.

Kwanza ndiyo, ni kweli. Tata Motors, kampuni ya magari ya India, walizichukua Jaguar na Land Rover (hao ndo wanaotengeneza Range Rover, Freelander na Difenda) kwa Ford, dili likafungwa Juni 2008 kwa dola bilioni 2.3. Ford alizitoa kwa bei ya chini sana, maana Jaguar peke yake aliichukua 1989 kwa kama bilioni 2.5 alafu Land Rover akainunua kutoka BMW mwaka 2000 kwa kama bilioni 2.7. Humo humo Tata akabeba na majina ya zamani ya Waingereza ambayo hayatoi gari tena, yani Daimler (ile ya Uingereza, sio ya Mjerumani mwenye Benz), Lanchester na jina lenyewe la Rover. Hilo la Rover Wachina wa SAIC walilitaka sana ila Ford akaliwahi 2006, ndo maana wao wakaja na jina la Roewe. MG ikabaki kwa hao hao Wachina, Mini ikabaki BMW, na Volvo ya magari madogo Ford akawauzia Geely wa China 2010, kwaiyo mdau aliyeandika kwamba Tata ana MG na Volvo sio kweli.

Upande wa mizigo wana Tata Daewoo ya Korea Kusini, walinunua kiwanda cha malori cha Daewoo 2004. Basi zilizoandikwa Tata Marcopolo zilikua ni ubia tu, Marcopolo mwenyewe ni Mbrazili na anajitegemea. Pia Julai 2025 walitangaza makubaliano ya kuinunua Iveco, kampuni ya malori ya Italia, kwa euro bilioni 3.8 bila upande wa magari ya jeshi. Alafu Oktoba 2025 Tata Motors ikagawanywa mbili, malori na mabasi kampuni yake, magari madogo kampuni yake, na Jaguar Land Rover ipo kwenye hii ya magari madogo. Na wasiohusika kabisa na Tata ni Mahindra, Bajaj, TVS za bodaboda, Ashok Leyland, na Maruti ambayo ni ya Suzuki. Kutoka India sio kua ndugu.

Sasa kwenye spea ndo watu wanapigwa, na inaniuma kwasababu wengi wamejichanga miaka kupata hiyo gari. Mmiliki wa kampuni leo hakusaidii dukani. Kinachokusaidia ni kujua gari yako ilichorwa enzi za mmiliki gani na ina injini gani. Chukua Range ile ya 2002 mpaka 2005, fungua boneti, toa kava la juu la injini ya V8 (silinda nane), ukipitisha tochi taratibu kwenye plastiki na mabomba ya maji utaona kialama cha BMW kimegongwa humo humo kwenye kifaa, maana ile ya lita 4.4 ni injini ya BMW inayoitwa M62, ndugu wa ile ya X5 ya kwanza. Kuna mteja alinijia na Range ya hivyo, kazungushwa na wauza spea siku kadhaa anatafuta wota pampu ya Range Rover, kila duka linamwambia mpaka iagizwe Uingereza. Nikampa maelezo aende akaulizie wota pampu ya BMW X5 4.4 yenye M62, akaipata siku hiyo hiyo na kwa bei ya chini. Range ya kuanzia 2006 ukimpa hiyo pampu haifungi, maana hapo walishahamia V8 ya Jaguar wakati wapo chini ya Ford.

Freelander nayo ni hivyo hivyo. Freelander 1 ya dizeli ya TD4 ni injini ya BMW. Freelander 2 ni mtoto wa Ford kabisa, chini imekaa kwenye msingi mmoja na Volvo za enzi hizo, dizeli ya 2.2 walitengeneza Ford na Peugeot kwa pamoja, na zile za petroli 3.2 silinda sita ambazo mnaziona nyingi zikitokea Japani ni injini ile ile iliyopo kwenye Volvo XC90 3.2. Kwaiyo ukikosa kifaa cha injini muulize mtu wa Volvo kabla hujakata tamaa. Difenda za 110 ndo usiseme, 300Tdi na Td5 ni za Land Rover wenyewe, ila kuanzia 2007 wakaweka injini ya Ford Transit, na hiyo ikaenda mpaka uzalishaji wa kiwanda cha Solihull, Uingereza uliposimama Januari 2016. Huku kwetu hizo za zamani bado zinapiga kazi, mlioona lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 mnanielewa.

Vya enzi za Tata kweli kweli ni injini za Ingenium, kiwanda chake kipo Wolverhampton, Uingereza, kilifunguliwa 2014, na Defender mpya ya 2019 ambayo inaundwa Nitra, Slovakia. Ila hata enzi za Mhindi gari inachorwa Uingereza. India kule Pune wanaunganisha baadhi, na Range Rover wameanza 2024, ila ni kwa soko la India.

Ujuzi kwa kiasi kikubwa umetoka Uingereza kwenda India. Tata Harrier (usiichanganye na Toyota Harrier yetu hii) ya 2019 imekaa kwenye msingi uliotokana na ule wa Land Rover Discovery Sport, ila injini yake ya dizeli ya 2.0 asili yake ni Fiat. Na malori nayo Tata alijifunzia kwa Benz, walikua na mkataba na Daimler-Benz kuanzia 1954 mpaka 1969, ukiiona Tata ya zamani ukaona ina sura ya Benz basi ndo hapo ilipotoka.

Kujua upo upande gani angalia chesisi namba. Land Rover inaanza na SAL, Jaguar nyingi SAJ, Tata ya India inaanza na MAT. Herufi tatu tu zinakuokoa dukani.

Mkuu, kwa upande wangu mi ningechukua Freelander 2 ya petroli 3.2 kutoka Japani kama unatembea mjini na safari za hapa na pale, ila ujue mafuta inakula. Kama ni shamba kila siku achana nayo, tafuta 110 ya 300Tdi yenye chesisi isiyo na kutu, maana hiyo hata fundi wa kijijini kule Longido anaifungua. Ukishaipata unayoitaka weka hapa mwaka na aina ya injini tukuelekeze spea zake zipo kwa nani.