Nimejiona nimefika, mbona bado nimekaa?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 29, nimeajiriwa, ila ndoto yangu ni kumaliza mitihani ya uhasibu maana nimebakiza masomo machache tu. Kila usiku kabla sijalala nafumba macho najiona nimefaulu, nimevaa suti, nina ofisi yangu, mama anatabasamu, mpaka machozi yananitoka kwa raha. Na picha nimebandika ukutani. Lakini kitabu kiko palepale sura ya pili na mtihani ndo huo unakuja. Kuna vidio niliangalia jamaa anasema kama haitokei basi imani yako ndogo, ongeza nguvu ya kuwaza. Naongezaje?
Dada wa Suti

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiongeze kitu. Huyo jamaa wa kwenye vidio kajiwekea mlango mzuri wa kutokea, ikitokea ni mafundisho yake, isipotokea ni imani yako, yeye hakosei kamwe.

Kuwaza unajua vizuri sana, na shida yako iko hapohapo. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Gabriele Oettingen kalifuatilia hili jambo miaka mingi. Mwaka 1991 yeye na mwenzake Thomas Wadden walitoa utafiti wa wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito, wakakuta wanaoamini wataweza walipungua zaidi, hilo sawa, ila wale ambao picha zao za kichwani zilikuwa tamu tupu, wanajiona wembamba na vishawishi wanavipita bila jasho, walipungua kidogo kuliko waliojiona wakihangaika. Umeona hapo? Kuamini utaweza ni kitu kimoja, kujipa raha ya kwamba umeshaweza ni kingine kabisa. Mwaka 2002 akiwa na Doris Mayer wakatoa ya wahitimu wanaotafuta kazi: waliokuwa wakijiona mara kwa mara kwenye kazi ya ndoto, miaka miwili baadaye ndo waliotuma maombi machache, ofa chache, na mshahara wao mdogo. Halafu mwaka 2011 yeye na Heather Kappes wakapima mpaka presha, wakakuta ukimwambia mtu awaze mambo yake yamenyooka ile namba ya juu inashuka. Mwili unalegea kama uliomaliza kazi. Sasa wewe unajilegeza kila usiku halafu unashangaa kitabu hakifunguki!

Sikwambii uache kuwaza, badilisha unachokiwaza. Lien Pham na Shelley Taylor walitoa utafiti mwaka 1999 wa wanafunzi wanaosubiri mtihani, kundi moja likawa linajiona limepata alama ya juu, jingine linajiona linasoma, yaani limekaa mezani, limezima makelele, linapitia notisi. Hawa wa pili walianza kusoma mapema, wakasoma saa nyingi na mtihani wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo ile suti iangalie dakika moja basi, halafu jiulize ni kitu gani ndani yangu mimi kinachonizuia. Ndani yako, usiniambie habari za bosi. Wewe mwenyewe kwenye barua yako ndefu (nimeikata, nisamehe) umeandika kwamba ukirudi unatupa mkoba kwenye kiti, unajilaza "dakika kumi tu", simu mkononi, na ukija kushtuka ni saa nne. Hapo ndo pa kuweka akili yako, siyo kwenye ofisi ambayo haijajengwa.

Chukua karatasi andika sentensi moja ya namna hii: "Nikishaweka mkoba kwenye kiti, simu naiweka chaji chumba kingine, nakaa mezani nafanya swali moja la sura ya pili." Kikitokea hiki, nafanya hiki. Peter Gollwitzer ndiye aliyezitafiti sana sentensi za aina hii na andiko lake la mwaka 1999 linaeleza sababu, kwamba uamuzi unakuwa umeshaufanya mapema, ukifika pale kwenye mkoba huanzi tena kubishana na uchovu, na wewe ukibishana na uchovu najua nani anashinda. Swali moja tu, usijiandikie sura nzima. Usiku ukitaka kuota ota hilo: mkoba, kiti, simu, peni. Halina machozi ya raha lakini ndilo lenye kazi.

SWALI: Shangazi, naandika tasnifu. Nilijiambia wiki nne imeisha, sasa ni ya tisa. Nilipanga vizuri tu jamani, mimi ni mvivu au?
Mwanafunzi Mchovu

JIBU: Huenda siyo uvivu. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu watatumia siku ngapi. Wastani wakasema 34, zikaenda 55. Tena waliulizwa na kila kitu kikienda vibaya kabisa je, wakataja kama 49, bado ikawazidi! Tunapopanga tunaiona ile siku ambayo hakuna aliyeumwa na umeme haujakatika. Sasa usiangalie kalenda, angalia sura uliyomaliza mwisho ilikula siku ngapi za kweli, zidisha kwa zilizobaki, hiyo ndo tarehe ya kumpa msimamizi wako hata kama inauma.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafanya mazoezi ya mbio ndefu na wenzangu wananiambia nisiwaze mabaya, nikiwaza kubanwa na misuli nitajiitia. Ni kweli?
Mkimbiaji

JIBU: Marahaba. Mueleze mwenzako habari za Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani. Kocha wake, Bob Bowman, alikuwa anamfundisha aione mbio kichwani kila siku, na siyo ile ya kushinda tu, aione pia inavyoharibika na yeye anafanya nini. Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ikaingia maji, mwisho akawa haoni kitu. Akawa anahesabu mikono yake tu mpaka akagusa ukuta, dhahabu, dakika 1 na sekunde 52.03, rekodi ya dunia. Hakujiitia chochote, alikuwa ameshafika hapo kichwani kabla.

Ila kuwaza baya bila jibu lake huko ni kujitisha. Misuli ikibana napunguza mwendo, nanyoosha mguu, natembea mpaka nguzo ile, naanza tena taratibu. Unaiona mpaka mwisho. Na kama ukiiwaza hivi mara kadhaa ukagundua kumbe hizo mbio huzitaki kihivyo, ulipenda medali tu, acha bila aibu utafute kingine, maana hata utafiti wa Oettingen unaonyesha mtu akiweka ndoto na kizuizi chake pamoja, pasipo na matumaini huwa anaachia, na muda wake anaupeleka penye maana.