Waulize Wataalamu: Meno ya Kahawia, Maharage Yasiyoiva na Masikio Yanayoziba

SWALI: Wanangu wawili wakubwa wamezaliwa na kukulia hapa hapa. Meno yao ya mbele yana mabaka ya kahawia ingawa wanapiga mswaki asubuhi na jioni, na maji tunachemsha siku zote. Shuleni wanataniwa. Mdogo wao ana miaka miwili. Tatizo ni nini, na huyu naweza kumwokoa?
Mama wa watoto watatu, Usa River

JIBU: Mama, watoto wako si wachafu, na tunaomba walimu na majirani wanaosoma ukurasa huu walisikie hilo. Mabaka hayo yanasababishwa na floridi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji. Mlima Meru ni volkano, na maji yanayopenya kwenye majivu na miamba yake huibeba floridi hadi kwenye visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, lakini vyanzo vingi vinavyouzunguka Meru huvuka hapo. Floridi haina rangi, harufu wala ladha. Hata kule Maji ya Chai, rangi ya mto iliyoipa kata jina siyo inayochafua meno. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa na floridi nyingi, na kipimo cha maabara ndicho pekee cha kukuambia.

Jino la ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla halijachomoza. Enameli, yaani lile ganda gumu la nje, hujengwa kwenye meno ya mbele tangu uchanga hadi miaka minne au mitano hivi. Ukiacha magego ya mwisho kabisa, kazi yote huisha mtoto akiwa na miaka minane. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, enameli hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtazame mtoto wa miaka saba jino jipya linapotoka: utaona jeupe la chaki, lisilo na mng'ao. Kahawia huja baadaye, vitundu vinapofyonza rangi za chakula na vinywaji. Kwa kuwa rangi imeingia ndani, mswaki hauifikii. Kusugua kwa mkaa, mchanga au limau ni kukwangua enameli ambayo tayari ni dhaifu.

Sasa hilo la kuchemsha. Endelea kuchemsha kwa ajili ya vijidudu, lakini floridi haitoki na mvuke. Chukua lita 5 za maji yenye miligramu 3 kwa lita: jumla ni miligramu 15. Yakichemka hadi zikabaki lita 4, miligramu ni zile zile 15, kwa hiyo kila lita sasa ina karibu 3.8. Ukiyaacha yatokote muda mrefu unayaongezea ukali. Yakishachemka sawasawa, ipua.

Mtoto wa miaka miwili bado ana nafasi kubwa. Maji yake ya kunywa, ya uji na ya kupikia yawe ya mvua, kwani hayana floridi ya kuhesabika. Safisha bati na mifereji kabla ya masika, acha mvua ya mwanzo ioshe paa na imwagike, ndipo ukinge kwenye tangi lenye mfuniko. Yachemshe kabla ya kunywa. Watoto wakubwa na watu wazima wakinywa ya bomba, tangi dogo litamfikisha mbali huyu mmoja. Njia nyingine ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo Kituo cha Ngurdoto, cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji, kimelifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, na chujio lililochoka hupitisha floridi huku maji yakionekana safi vile vile. Uliza unabadilishwa lini, na maji yapimwe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni magadi. Yale yanayochimbwa kwenye maziwa ya bonde la ufa mara nyingi yamejaa floridi, na kijiko kimoja kwenye makande kinaweza kumpa mtoto floridi nyingi kuliko maji yenyewe. Yaondoe kabisa kwenye chakula chake. Dawa ya meno yenye floridi usiiache, kwa sababu huzuia kuoza. Muhimu mtoto asiimeze. Kabla ya miaka mitatu kipimo ni punje ya mchele, kisha punje ya njegere hadi miaka sita.

Kwa hao wakubwa, daktari wa meno anaweza kusugua tabaka jembamba la juu kwa dawa maalumu, au kufunika meno yaliyoathirika zaidi kwa vijazio vya rangi ya jino. Meno yenyewe hayajaoza, asikubali mtu kuyang'oa.

SWALI: Napikia wanafunzi. Maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu Dar es Salaam, hapa yananimalizia kuni. Bila magadi nifanyeje?
Mpishi wa shule, Njiro

JIBU: Moto wako hauna kasoro. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 badala ya 100. Ukizidisha kuni, maji yanatokota kwa fujo zaidi na kukauka upesi, ila joto haliongezeki hata nyuzi moja.

Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12: kilo moja ya maharage, lita tatu za maji, vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Chumvi huingia kwenye ganda na kuchukua nafasi ya kalisi inayolikaza. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka mapya. Nusu saa ya kwanza yachemke kwa nguvu, hasa maharage mekundu, kwa kuwa yakiiva nusunusu yana sumu inayotapisha na kuharisha ndani ya saa chache. Kisha punguza moto, funika. Nyanya na ndimu zisubiri hadi maharage yalainike, maana uchachu huyakaza. Yakigoma hata hivyo, ni ya zamani, badilisha muuzaji. Sufuria la presha hupandisha joto kupita nyuzi 110, na kwa jiko la nyumbani halina mshindani.

SWALI: Tukishuka kutoka Marangu kuja Moshi masikio yananiziba kuliko tukipanda. Kwa nini?
Abiria wa kila wiki, Moshi

JIBU: Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba cha hewa chenye kijimrija kinachofika kooni. Ukipanda, hewa ya ndani hujisukuma yenyewe kutoka. Ukishuka, hewa ya nje huongezeka na kukibana kijimrija, kisifunguke mpaka umeze mate au upige miayo. Tafuna kitu njia nzima. Mtoto mchanga anyonye wakati wa kushuka. Ukiwa na mafua usibane pua na kupuliza kwa nguvu, utasukuma makamasi hadi sikioni. Na usikivu usiporudi baada ya siku mbili tatu, au maumivu yakizidi, muone daktari wa masikio.