Makadirio ya TRA kwa muuza mitumba wa Kilombero

Dada pole, ila hiyo kodi ya laki mbili na nusu uliyokadiriwa na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) haijatoka hewani. Umesema unauza mitumba hapo Kilombero, mauzo kama milioni nane kwa mwaka na daftari huna, sasa kwa viwango vilivyoshushwa 2019 mtu wa mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu za mauzo analipa 250,000, basi, hakuna hesabu nyingine hapo. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 halafu asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7, yaani wewe ungelipa 120,000 tu! Umeona pesa ilivyokupita?

Na unaposema "mbona faida ni ndogo", kodi hii ya makadirio inaangalia mauzo, sio faida, ndo maana inauma mwezi ambao belo limetoka baya, mimi naona sio haki sana kwa watu wa mitumba ila sheria ndo hiyo.

Nunua kantabuku, kila jioni kabla hujafunga turubai andika tarehe, umeuza nini, shingapi, na risiti za belo zibane humo humo. Kama mauzo hayafiki hata milioni 4 kodi hii haikuhusu kabisa.

Kulipa ni awamu nne kwa mwaka so usihangaike kutafuta yote leo. Ukiona wamekosea mauzo yako, andika pingamizi ndani ya siku 30 tangu upewe makadirio, usiishie kulalamika kwa majirani wa meza.